Karatasi ya michango ya mahafali ya chekechea iandikwe upya

Mhariri, salaam na pole na kazi. Naomba nafasi niongee na wazazi wenzangu pamoja na walimu wa chekechea, maana msimu wa mahafali ndo huu na karatasi za michango zimeshaanza kuingia nyumbani kwenye mabegi ya watoto. Ya kwetu imeandikwa keki, soda, chipsi, soseji, krispi na juisi za boksi. Ukisoma juu mpaka chini hakuna tunda hata moja, maji hayapo, na hela inayotakiwa kwa mtoto mmoja kuna familia mtaani kwetu zinakula siku mbili tatu. Sipingi sherehe hata kidogo, mtoto amesoma mwaka mzima amejua kuandika jina lake acha avae joho apigwe picha akatiwe keki na wenzake, ninachosema ni kwamba hicho chakula ni ghali na hakiwafai watoto, na vinavyowafaa vimejaa sokoni kwa bei ndogo.

Tuanze na soda. Soda za kola zina sukari kama gramu 10 na ushee kwa kila mililita 100, kwahiyo chupa ya mililita 350 inafika gramu 37 hivi, yaani vijiko 9 vya chai. Nani kati yetu atamwekea mtoto wa miaka 5 vijiko 9 vya sukari kwenye kikombe kimoja cha chai akamwambia haya kunywa? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu yote mtu anayopata kwenye chakula kwa siku na ikiwa chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Mtoto wa umri huo akila kalori 1,400 kwa siku, hiyo asilimia 10 ni gramu 35 tu, kwahiyo chupa moja imeshamaliza siku yake nzima na keki bado, pipi bado. Kreti moja ya chupa 24 imebeba karibu kilo nzima ya sukari! Na tusikimbilie juisi za boksi tukidhani tumepona, hata ile iliyoandikwa tunda tupu sukari yake inahesabiwa humohumo, tofauti na tunda lenyewe likiliwa zima na nyuzinyuzi zake.

Kuna wanaosema sukari ndo inawapandisha watoto mzuka wakawa hawashikiki. Tafiti zilizopima jambo hilo hazijakuta hivyo, watoto wanaruka kwa sababu ni sherehe na wenzao wapo na muziki unapigwa. Mimi wasiwasi wangu ni meno yanayotoboka kabla hata hayajang'oka yenyewe, na mazoea, maana mtoto akikua anajua kwamba furaha inanywewa kwenye chupa basi ataidai hiyo chupa kila siku.

Sasa hela. Huku Dar mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili embe zimejaa kila kona, mananasi ya Kiwangwa yanashuka kwa malori, ukienda soko la Mahakama ya Ndizi pale Mabibo asubuhi unapata ndizi mbivu kwa bei ambayo duka la mtaani hawawezi kukupa. Tikiti moja kubwa ukilikata vipande vyembamba vya pembe tatu na kuacha ganda chini liwe mshikio, darasa zima linakula na vinabaki. Mahindi ya kuchemsha ukiyakata vipande vitatu vitatu ukanyunyizia chumvi kidogo na ndimu, watoto wanayagombania, sijawahi kuona yamebaki kwenye sinia. Mihogo ya kuchemsha kwa tui la nazi pia, hasa kwa wale wenye asili ya pwani.

Alafu kuna viazi lishe, vile viazi vitamu vya ndani rangi ya chungwa. Hivi napenda nivisemee zaidi kwa sababu watu wengi wanavipita sokoni wakidhani ni viazi tu. Ile rangi mwili unaigeuza kuwa vitamini A, ambayo ni ya macho na ya kinga ya mwili, na mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilienda kwa wataalamu wanne, watatu kati yao kwa kazi ya viazi hivihivi, mmoja wao ni Dk. Robert Mwanga wa hapa jirani Uganda. Yaani dunia imevipa heshima sisi tunanunua krispi. Vichemshe na maganda yake visiwe laini sana, vikipoa menya ukate vidole vidole kama chipsi, ukitaka vipitishe kwenye kikaango chenye mafuta kidogo vikauke nje. Mtoto anaona chipsi za rangi ya keki, hakuna haja ya kumbembeleza.

Kwa wanaotaka kitu cha kushibisha, tengeneza chapati nyembamba, kaanga mayai na karoti ya kukwaruza na hoho na kitunguu vilivyokatwa vidogo kabisa, tandaza juu ya chapati, zungusha ibane, alafu kata vipande vya upana wa vidole viwili. Waganda ndo wanaita rolex, wanauziwa barabarani kila siku, na ukipiga hesabu ya unga na mayai na mboga kisha ukaweka pembeni ya soseji na chipsi za kununua utaona mwenyewe ipi inakuachia chenji. Bajia za kunde nazo ni nzuri, kunde unaloweka usiku, unazifikicha maganda yatoke, unasaga na kitunguu saumu, zikishaiva zichuje mafuta vizuri.

Kinywaji, maji kwanza, yawepo mengi na vikombe vya kutosha. Juu ya hapo ubuyu au ukwaju uliolowekwa ukachujwa, sukari kiasi kidogo, ubaridi wa kutosha. Ila ule ubuyu wa rangi wenye kokwa msiwape watoto wadogo, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Mtoto wa chini ya miaka 5 anakabwa haraka sana, kokwa za ubuyu, karanga nzima, bisi, pipi ngumu na zabibu nzima vinaweza kuziba koo wakati anakimbia na kucheka. Hata soseji kama lazima iwepo ikatwe kwa urefu, isikatwe miduara, ule mduara unaenda kukaa kooni kama kizibo. Wakae chini wakati wa kula. Mkiwatungia mishikaki ya matunda zile ncha za vijiti zivunjwe. Na mwalimu aulize mapema kama kuna mtoto anayedhurika na karanga au mayai, swali la dakika moja tu.

Kingine ni joto letu. Matunda yakatwe karibu na muda wa kuliwa kwa mikono na visu visafi, chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na siku jua likiwa kali sana hata hizo mbili ni nyingi. Sherehe zetu zinaandikwa saa nne zinaanza saa saba, mgeni rasmi hajafika, watoto wana njaa, mtu anaona awatulize kwa soda na pipi. Hapo ndo mambo yanaharibika! Wale mapema. Wakifika tu wapewe viazi, mahindi au chapati na maji, wakitoka kucheza matunda, na keki ije mwisho tumbo likiwa limeshashika kitu, kila mmoja kipande kidogo, inatosha kabisa kupiga picha na kulishana. Keki yenyewe haina haja ya kuwa ya ghorofa tatu.

Na vile vifuko vya kuondoka navyo nyumbani, badala ya kujaza pipi na bigijii wekeni penseli ya rangi, kifutio na ndizi moja, mtoto anafurahi vilevile maana anachopenda ni kupewa kifuko chenye jina lake.

Najua kuna wazazi watasema mahindi na viazi ni chakula cha nyumbani, sherehe inataka kitu cha tofauti, watu wataonaje. Nawaelewa, kila mtu anataka mwanae asidharaulike. Lakini watoto wenyewe hawana hiyo hesabu, mtoto wa miaka 5 anaangalia rangi na anaangalia mwenzake anakula nini, sinia la embe na nanasi na tikiti likipangwa vizuri mezani linapendeza kuliko krispi zilizo kwenye pakiti. Aibu ni yetu sisi wakubwa, na inawaumiza zaidi wale wasio na uwezo, kuna mtoto anabaki nyumbani siku ya mahafali yake kwa sababu tu mama hajapata mchango wa soda na soseji. Hilo linaniuma sana.

Kwahiyo naomba walimu wakuu, kabla ya kutuma karatasi, waite wazazi hata watano tu wakae nao. Mzazi mwenye shamba alete mahindi, anayefanya biashara sokoni asaidie kununua matunda kwa bei ya jumla, wanaojua kupika wapike pamoja asubuhi hiyohiyo pale shuleni, na hela ya mchango ishuke mpaka pale ambapo kila mtoto wa darasa anaweza kuja. Kwetu nimeshamwandikia mwalimu wa darasa nikamwambia niko tayari kushika upande wa viazi na chapati, nasubiri anijibu.

Mzazi wa mtoto wa chekechea,
Tabata, Dar es Salaam