Vijana wa Altezza, someni kadi kwanza

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua, mi msomaji wako wa siku nyingi hapa Tanga, gazeti nanunua na siku hela ikikata nalisomea kwa kinyozi. Haya nayoandika ni kwa vijana wenzangu tuliokufa na magari ya spoti ya zamani, Altezza, Celica, RX-8 na wenzao, wakati mfuko wenyewe ni wa bajaji.

Mwaka juzi dalali alinipigia, bosi wahi Barabara ya 12 kuna Altezza namba C, yaani pleti ya miaka ya nyuma kidogo, imenyooka, haidaiwi, bei kitonga na maongezi yapo. Nikawahi kweli. Gari nyeupe, nyuma imeandikwa RS200, ile Altezza yenye nguvu zaidi, nikakaa kwenye siti nikaangalia ile dashibodi yake iliyokaa kama saa ya mkononi, visaa vidogo vimepangwa ndani ya kikubwa, aise hapo nilishanunua kabla sijashuka. Laki tano ya kishika uchumba nikatoa palepale, bila fundi, na wiki iliyofuata nikamalizia, jumla milioni saba na nusu.

Fundi wangu wa Makorora alivyofungua boneti akaanza kucheka peke yake. Nikamuuliza nini sasa, akanionyesha kile kibao cha chesesi ukutani mwa injini, kimeandikwa GXE10. Akaniambia mdogo wangu, RS200 ni SXE10, ina injini ya 3S-GE silinda nne, yenye gia ya mkono inatoa farasi 210. Hii yako ni AS200, 1G-FE, silinda sita, farasi 160, zile herufi za nyuma mtu kanunua dukani kabandika. Sio gari mbaya, imetulia kabisa, ila nililipia nyingine. Na kinachoniuma ni kwamba kadi ya gari nilikuwa nayo mkononi siku zote, namba ya chesesi inaanza na herufi hizohizo, ningesoma mstari mmoja tu ningeshusha hata milioni moja na nusu.

La pili lilinikuta mvua za masika. Nyuma kukawa na harufu, nikafunua kapeti ya buti, nikatoa tairi la spea, lile shimo lake lina maji na chini kutu imekula mpaka kidole kinapita. Sisi huku tunaishi na upepo wa bahari, gari iliyolala nje Raskazone miaka kumi sio sawa na iliyolala Korogwe, hata kama rangi inang'aa, tena inayong'aa sana ndio ya kuiogopa. Siku hizi natembea na kisumaku kidogo nimekifunga kitambaa, nakipitisha kwenye bodi juu ya matairi na chini ya milango, pakiwa na puti, ile ya kuzibia kutu kabla ya rangi, kinateleza hakishiki. Madalali wananiona mshamba, sawa.

Sasa kwa nini tusiagize Japani tu, maana wengi mnasema bora utoe mwenyewe. Pigeni hesabu. Altezza ilitoka 1998 ikasimama 2005, kwa hiyo hakuna hata moja ambayo haijapita miaka kumi, na TRA gari ya kutembelea ikishapita miaka kumi inaongezewa asilimia 30 kwa ajili ya uzee tu, hiyo ni juu ya ushuru wa forodha asilimia 25 na ile ya ukubwa wa injini, halafu VAT asilimia 18 inakuja kupanda juu ya vyote. Na huko Japani kwenyewe sio kama zamani. Wamarekani sheria yao inawaruhusu kuingiza gari yoyote ikishatimiza miaka 25, ndio maana Skyline za miaka ya tisini bei zimepaa mpaka basi, huwezi kushindana na mtu mwenye dola. Altezza wao walishakuwa nayo kwa jina la Lexus IS, hawaigombanii sana, hapo ndipo penye unafuu wetu, lakini unafuu wenyewe upo kwenye zile ambazo ushuru wake ulishalipwa na mtu mwingine zamani, namba B na C zilizopo hapahapa nchini.

Na kati ya hizo mi natafuta mwenye gari kwanza, gari baadaye. Kuna mzee mmoja Chumbageni ana Celica, haijawekwa eksozi ya kupiga kelele, haijashushwa, haijabandikwa kitu, risiti za oili anazo kwenye bahasha ya kaki. Nilimwendea, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, nikasema naomba nisiwashe gari mpaka niguse boneti, maana ikiwa ya moto ujue mtu keshaiamsha kabla hujaja ili moshi wa asubuhi usiuone. Akafurahi! Akasema wewe wa kwanza kunigusia boneti, wengine wote wanauliza spidi. Akaniambia mkanda wa taiming alibadilisha lini na nani alifunga. Hakuniuzia lakini, anasema bado anaipeleka msikitini Ijumaa.

RX-8 nitasema kidogo tu. Ukiona inauzwa bei chee sio zali, injini yake haina pistoni, ni rota, inakula oili kwa maumbile yake, na asiyejua anaiacha ikauke mpaka kompresheni, ile nguvu ya kubana hewa ndani, inakufa. Kabla hujalipa uliza ni fundi gani Tanga nzima keshawahi kuifungua ile injini, ukikosa jina basi hesabu na nauli ya breakdown mpaka Dar.

Yangu bado ninayo, shimo la buti tumelichomelea, herufi za RS nimezing'oa mwenyewe kwa uzi wa kuvulia. Kilichobaki mhariri ni taa ya nyuma kulia, kuna bajaji iliniingia pale Ngamiani ikapasua. Nataka orijino, zile za kuiga zimejaa madukani na zinaingiza maji. Kama kuna msomaji ana Altezza amepaki juu ya mawe anisaidie, aache ujumbe hapo ofisini kwenu, nitakuja mwenyewe na bisibisi.

Msomaji wako,
Makorora, Tanga