Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma: fungua faili la Pinto

Mheshimiwa,

Nakuandikia kuhusu kesi iliyoamuliwa mwaka 1965, ambayo jaji wake mwenyewe hakuiona kuwa imekwisha.

Asubuhi ya 24 Februari mwaka huo, mbunge Pio Gama Pinto alipigwa risasi garini mwake, langoni kwake Westlands. Bintiye mchanga alikuwa kiti cha nyuma. Uhuru ulikuwa na miezi 14 tu. Mtu ambaye Waingereza walimfungia kisiwani Manda kwa kuupigania aliuawa chini ya bendera ya Kenya, hata miaka 38 hajatimiza.

Polisi walifanya haraka, kwa maoni yangu haraka mno. Vijana wawili, Kisilu Mutua na Chege Thuo, wakapandishwa kizimbani. Jaji Mkuu John Ainley alimwachilia Thuo, akamhukumu Kisilu kunyongwa, adhabu iliyogeuzwa baadaye kuwa kifungo cha maisha. Lakini katika hukumu hiyo hiyo alikiri kwamba kesi ilikuwa na sura ya jambo lisilokamilika, na kwamba huenda si wote waliohusika waliofikishwa mbele yake. Jaji anamtia mtu kitanzi huku akisema wenzake huenda wangali mitaani! Maneno hayo yalitosha kuanzisha upelelezi mpya kesho yake. Hakuna mwingine aliyeshtakiwa hadi leo.

Kisilu alikaa ndani miaka 35 hivi, mpaka Rais Moi alipomsamehe. Aliingia kijana, akatoka mzee, na muda wote alishikilia kuwa hakumuua Pinto. Sisemi alikuwa malaika. Nauliza tu: kijana kama yule alikuwa na ugomvi gani na mbunge mjamaa hata amvizie langoni?

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika mwaka 2013 kwamba Pinto aliponzwa na tofauti za kiitikadi. Sawa, lakini nani alitoa amri? Serikali nayo ilikuwa imeshamchapisha kwenye stempu mwaka 2008. Stempu nzuri kweli, ila tumefunika kombe miaka 60 na mwanaharamu hajapita bado.

Mauaji hayana muda wa kuisha kisheria, wewe wajua kunishinda. Kifungu cha 35 cha Katiba nacho kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Basi toa faili la upelelezi hadharani: maelezo ya mashahidi, ripoti ya silaha, na kila karatasi inayoonyesha jinsi yule ambaye Kisilu alisema ndiye aliyewakodi alivyotafutwa, ikiwa alitafutwa kabisa. Kama kuna kurasa zilizonyofolewa, tuambie ni zipi. Kama faili lenyewe halipo, tupe jibu hilo kwa maandishi, pamoja na jina la aliyetia sahihi mara ya mwisho alipolichukua.

Wako,
Raia mlipa kodi, Nairobi