Nyigu-msumeno mpya hatangazwi kwa rangi

Mhariri,

Mdudu akipigwa picha mteremkoni Kilimanjaro au Uluguru na rangi yake isionekane kitabuni, haraka sana huvuma kwamba spishi mpya imegunduliwa. Kwa nyigu-msumeno, tangazo la namna hiyo huwa limewahi mno.

Hawa ni jamaa wa nyuki na nyigu, ila hawana kiuno chembamba. Jike hubeba msumeno wa kweli mwishoni mwa tumbo, hupasulia jani na kutaga yai ndani ya mpasuo. Watoto wao mkulima huwaita viwavi, na hapo ndipo hasara inapoanzia. Kiwavi wa nondo, ukiacha jozi tatu za miguu ya kifuani, hana zaidi ya jozi tano tumboni. Buu wa nyigu-msumeno anayekula majani kwa nje ana sita au zaidi, na jicho moja tu kila upande wa kichwa. Dawa ya bakteria Bt aina ya kurstaki huua viwavi wa nondo lakini haimwezi huyu. Kwa hiyo mwenye sukuma wiki iliyoshambuliwa na Athalia sjostedti anaweza kunyunyiza wiki nzima bure. (Jina hilo linamkumbuka Yngve Sjöstedt, Msweden aliyeongoza msafara wa wanazuolojia Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906.)

Nyigu-msumeno wengi wa jenasi ya Athalia wana mwili wa rangi ya chungwa na kichwa cheusi, na spishi moja huweza kuzidi weusi inapoishi kwenye baridi ya juu. Rangi, basi, ni shahidi dhaifu. Anayeaminika ni msumeno wenyewe: idadi ya meno yake, umbo lake, na nafasi kati ya jino na jino. Kwa dume, asiye na msumeno, hutazamwa vali ya uume, yaani kipande kigumu cha kiungo chake cha uzazi.

Kuutoa msumeno si kazi ngumu, ila haitaki pupa. Kielelezo kikavu hulainishwa siku nzima ndani ya kopo lenye unyevu. Ncha ya tumbo hukatwa na kulazwa usiku kucha katika potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10, kisha husuuzwa kwa maji yenye tone la siki. Ndani ya gliserini, chini ya hadubini, msumeno hutenganishwa na ala yake kwa pini mbili nyembamba na kulazwa bapa kwenye slaidi. Ukiulaza upande, meno hufunikana na hesabu inakuwa ya kubuni. Ukiuchemsha kwa haraka zako, hubaki wazi kama kioo na mistari yake haionekani tena. Slaidi na pini ya mdudu zipewe namba moja. Slaidi iliyopotezana na mwili wake ni ya kutupa.

Makosa mengi, hata hivyo, hutangulia maabara. Lebo iliyoandikwa "Mlima Meru" haisemi kitu, maana mlima huo unafika mita 4,566 na wadudu wa mashambani sio wa ukanda wa baridi. Andika viwianishi, mwinuko kwa mita, tarehe, aina ya mtego na mmea, kwa penseli, na karatasi iingie ndani ya chupa. Kwa vinasaba tumia ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, na ibadilishe baada ya siku moja kwa sababu maji ya miili ya wadudu huizimua.

Vinasaba navyo vina mpaka wake. Kipande cha DNA cha herufi 658 kinachotumika sana kutambua spishi husaidia kumkutanisha buu na mzazi wake, lakini spishi mbili za jirani huweza kuwa nacho kile kile. Kumtambua dume wa jike fulani kuna njia ya zamani tunayoipenda: mfuge jike ambaye hajapandwa, juu ya mmea anaoula. Mayai yasiyorutubishwa hutoa madume, nawe unao wana ambao mama yao hana ubishi.

Baada ya hapo huja kulinganisha na holotaipu (kielelezo kimoja kinachobeba jina la spishi) za spishi zinazokaribiana, na nyingi za Afrika ziko makumbusho ya Ulaya, yakiwemo ya Tervuren, Ubelgiji, na Berlin, Ujerumani. Kanuni za majina ya wanyama, tangu mwaka 2000, zinataka anayetoa jina jipya ataje kielelezo kinachobeba jina hilo na mahali kitakapohifadhiwa. Jarida la mtandaoni, tangu 2012, lazima pia lisajili chapisho ZooBank, yaani daftari rasmi la majina ya wanyama. Jina lililotangulia gazetini bila masharti hayo halina hadhi, lakini husambaa na kuvuruga.

Ombi letu, Mhariri: jina lisichapwe kabla ya jarida. Na mwandishi wako akiletewa habari ya nyigu-msumeno mpya, aulize kwanza: msumeno wake umetazamwa, umelinganishwa na holotaipu gani, na kielelezo kimewekwa wapi?

Watunza mkusanyo wa wadudu,
Arusha