Shukrani kwa mama wa ungo, Dodoma

Shikamoo mama. Jina lako sikuuliza, na hilo linaniuma hadi leo. Mimi ni yule binti wa Tanga, nilikuwa safarini kwenda Singida, tukakaa pamoja kwenye mafunzo ya kutengeneza chokoleti.

Kukaanga kakao ya Kyela niliweza. Kupepeta kukanishinda: maganda yanabaki, punje zinamwagika. Ukanishika mikono, "Usirushe juu sana mwanangu, upepo wa Dodoma utakusaidia." Maganda yakapeperuka kama pumba za uwele.

Halafu mwiko wangu ukaingia na maji. Tone tu! Chokoleti yote ikashikana kama udongo, machozi yakanilenga. Hukusema neno. Ulinimegea nusu ya yako, ukalikausha bakuli langu kwa kitambaa, tukangoja ipoe hadi nyuzi 28, ndipo tukaipasha kidogo ifike 31. Juu ukanyunyiza zabibu kavu ulizokuja nazo kutoka kwako.

Vipande sita vilimfikia bibi Singida. Viling'aa, vikakatika kwa mlio, naye akauliza nani kanifundisha.

Ahsante sana mama yangu. Mungu akuzidishie pale ulipopunguza kwa ajili yangu.