Nimemkuta Lumumba Kyiv

Babu, shikamoo.

Sisi huku wazima. Umeme unakatika na ving'ora vinalia usiku, lakini tumeshazoea, msikeshe kwa ajili yetu.

Juzi nilikuwa kwenye basi upande wa Pechersk, nikasikia mama mmoja mtu mzima akimwomba dereva amshushe "Lumumby". Moyo ulinipasuka, Babu. Nikashuka naye. Ni mtaa wa makazi tu: maghorofa, miti, wazee wamekaa kwenye mabenchi. Lakini kibao cha ukutani kimeandikwa jina la Papa Yohane Paulo wa Pili. Nikamuuliza yule mama. Akasema yeye amekulia Lumumby, na mdomo wake haujui jina jingine.

Lumumba, yule waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, alipouawa kule Katanga, Januari 1961, Wasovieti waliupa mtaa huu jina lake, kama walivyokiita chuo kikuu cha Moscow. Mwaka 2015 Ukraine ikapitisha sheria ya kuondoa majina ya enzi ya Ukomunisti, maelfu ya mitaa ikaitwa upya. Zamu ya huu ilifika 2016. Papa huyo wanamkumbuka kwa sababu alikuja hapa Juni 2001. Nanyi mlimlaki Dar mwaka 1990.

Siwalaumu. Majina hayo walipangiwa na Moscow, na makombora yanayotuamsha leo yanatoka hukohuko. Ila imeniuma, maana Lumumba hakuwa mtu wa Moscow. Alisema mwenyewe kwamba yeye si Mkomunisti, ni Mwafrika anayeipigania nchi yake. Waliomwandika ukutani walikuwa na yao, na walipofukuzwa akafukuzwa pamoja nao.

Kwetu ni tofauti, jina tulimpa wenyewe. Tena tulimpa New Street, palepale TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Utotoni ulikuwa ukinishika mkono tukivuka Lumumba kwenda Mnazi Mmoja, mkono wako una chaki ya kukatia nguo, nami nikidhani Lumumba ni jina la barabara tu, kama Uhuru au Msimbazi. Sikuwahi kukuuliza.

Sasa nauliza. Ulikuwa kijana wa cherehani wakati ule. Ulikuwepo kibao kilipobadilishwa? Habari za kifo chake mlizipataje, redioni au mitaani? Na watu waliendelea kusema New Street kwa muda gani?

Nitapiga simu Jumapili, umeme ukiwepo. Mwambie Bibi shikamoo.

Mjukuu wako