Urithi wa ng'ombe ni urithi wa mashahidi

Ndugu Mhariri,

Kwa wiki tatu nimefuatilia maoni ya wasomaji wenzangu kuhusu riwaya ile ya kihistoria inayosimulia urithi na fitina za ukoo mmoja wa Ugogo, na naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo naona limeachwa pembeni katika barua karibu zote. Mimi ni karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilipokea mihtasari ya vikao vya ukoo, niligonga mihuri kwenye fomu za mirathi, na niliwaona ndugu wa tumbo moja wakikaa mabenchi mawili tofauti wasisalimiane. Riwaya hii nimeisoma kwa macho hayo, na huenda yananinyima baadhi ya raha wanazozipata wengine.

Kwa ambaye hajaisoma, kisa ni hiki. Mzee mmoja mwenye tembe kubwa upande wa Mvumi anafariki mwezi Julai 1916, siku zile zile ambazo Wajerumani wanaondoka Dodoma na majeshi ya Waingereza yanaingia. Anaacha wake wawili, wana watatu, binti mmoja, na ng'ombe ambao hakuna mtu anayejua idadi yao yote, kwa sababu wengi wao hawamo zizini mwake. Kama walivyofanya wafugaji wengi wa huku, amewakabidhi kwa marafiki na wakwe katika vijiji vya mbali, ili ukame au maradhi yakipiga mahali pamoja yasimwache mikono mitupu. Mwanawe mkubwa amechukuliwa upagazi wa vita. Mdogo wake marehemu anashika usimamizi wa mji, anamrithi mjane mdogo, na miaka kumi na moja baadaye, yule mwana akiwa amerudi na mguu mmoja mbovu, shauri linafika mbele ya baraza la mtemi.

Malalamiko yaliyojirudia zaidi ni kwamba sura za njaa ni ndefu mno na zinakatiza fitina. Msomaji wa Singida aliandika kuwa alizifunua haraka ili arudi kwenye ugomvi wa mali. Namheshimu, lakini nadhani aliruka moyo wa kitabu. Njaa ile, ambayo wazee wetu waliiita Mtunya, haikuwa mapambo ya kihistoria. Ilikuja juu ya nchi iliyokwisha kukombwa: majeshi ya pande zote mbili yalikuwa yamechukua nafaka na mifugo, wanaume wenye nguvu walikuwa wametawanywa kwenye njia za upagazi, kisha mvua zikakosekana, na homa kali ya mafua iliyozunguka dunia nzima mwaka 1918 ikawakuta watu hawana damu mwilini. Wanahistoria hukadiria kuwa watu wapatao 30,000 walikufa kati ya Wagogo kama 150,000. Wengine walikwenda kuhemea mbali wasirudi, na wako waliowaweka watoto wao rehani kwa wenye chakula. Nilipokuwa mdogo bibi yangu hakuutaja mwaka wake wa kuzaliwa. Alisema tu kwamba Mtunya ilimkuta akiwa mgongoni.

Sasa mtu na atafakari jambo hili kama karani. Ng'ombe aliyekabidhiwa kwa rafiki hana hati, hana hereni ya namba, hana risiti. Kinachomfanya awe wa marehemu ni vinywa vya watu watatu au wanne waliokuwapo siku alipotolewa zizini, wanaokumbuka rangi yake, pembe zake, na mtamba aliyezaliwa naye. Watu hao wakifa njaa, ng'ombe hafi pamoja nao. Anabaki zizini kwa yule aliyemshika, na siku moja anakuwa wake bila mtu kumwiba. Ndiyo maana mwandishi anatupitisha kijiji kwa kijiji, kurasa sitini, akituonyesha tembe zilizobomoka na watu wakila ubuyu na ngozi za kuchemsha. Kila anayekufa katika sura zile ni shahidi anayeondoka katika shauri la mwaka 1927. Niliporudia kusoma kwa mara ya pili nilikuwa na kalamu, na nilihesabu: kati ya wanaume sita waliotajwa katika sura ya pili kuwa walishika ng'ombe wa mzee au waliona wakikabidhiwa, mmoja tu anafika barazani, naye ni kipofu. Ukiziruka sura za njaa utaliona baraza lile kuwa kelele za ndugu wenye tamaa. Ukizisoma, utatetemeka pale mtemi anapouliza kwa upole kama yupo mwingine anayekumbuka, na uwanja mzima unanyamaza.

Hapo ndipo ninapotofautiana pia na wale waliomhukumu baba mdogo. Karibu barua zote zimemwita mwizi, na msomaji mmoja wa Kondoa alimtaka mwandishi amwadhibu waziwazi mwishoni. Mimi sikumwona mwizi. Nilimwona msimamizi, na kwa uzoefu wangu msimamizi ni kiumbe wa kusikitisha kuliko mwizi. Katika sura ya nne anauza madume mawili kununua mtama wa kuwalisha watoto wa kaka yake. Katika sura ya sita anatoa mtamba kulipa mahari ya mwanawe mwenyewe, akijiambia kuwa atarudisha. Katika sura ya tisa hakumbuki tena ni yupi aliyeuzwa kwa ajili ya nani, na hapo ndipo anapoanza kusema uongo, kwa sababu ukweli wenyewe ameshaupoteza. Hakuna aliyemtaka atoe hesabu kwa miaka kumi na moja. Leo sheria inamtaka msimamizi aliyeteuliwa na mahakama ya mwanzo awasilishe orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne, na hata hivyo nimewahi kupokea orodha ya ukurasa mmoja baada ya miaka mitano, imeandikwa na mtu aliyelia mbele yangu kwa sababu kweli hakujua bati la nyumba lilikwenda wapi. Tena mtu huyo hakuwa tajiri. Viatu vyake vilikuwa vimeshonwa kwa waya.

Kuna swali la msomaji wa Dar es Salaam ambalo linastahili jibu fupi. Aliuliza kwa nini mjane mkubwa hadai thumuni yake. Thumuni ni fungu la mke katika sheria ya Kiislamu pale mume anapoacha watoto, na pwani hata mtoto wa chuoni analijua. Ukoo huu wa riwaya si wa Kiislamu, na katika desturi ya huku mjane hakuhesabiwa miongoni mwa warithi. Matunzo yake yalikuwa juu ya wanawe, au juu ya yule aliyemrithi. Ukimya wake si kasoro ya uandishi. Na si kweli kwamba hana la kufanya: yeye ndiye anayewafundisha wanawe majina ya ng'ombe usiku, mmoja mmoja, kama mtu anayefundisha dua, na usiku ule wa ukurasa wa mia na kitu ndio ninaoupenda kuliko kurasa zote.

Baada ya kuitetea riwaya kiasi hicho, naomba nimgeukie mwandishi, kwa kuwa ana makosa mawili ambayo hakuna msomaji aliyeyagusa.

La kwanza ni la kisheria. Barazani, mzee wa ukoo anasimama na kugawa warithi katika madaraja: mwana wa kwanza wa nyumba ya kwanza katika daraja la kwanza, wana wengine daraja la pili, na mabinti daraja la tatu. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Maneno hayo nayajua kwa moyo, kwa sababu yametoka katika Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963, lililoandika kanuni za urithi za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Mzee wa mwaka 1927 asingeweza kuyasema, kama vile asingeweza kutaja mahakama ya mwanzo. Huenda mtu akaona hili ni jambo dogo la karani. Silioni dogo. Desturi kabla ya kuandikwa ilikuwa kitu cha kubishaniwa. Wazee walizungumza, walikumbushana mashauri ya zamani, walimtazama aliyelima na aliyetunza wagonjwa, na jibu lilitegemea pia nani yuko barazani siku hiyo. Ilipoandikwa ikawa kifungu. Mwandishi aliyejenga fitina yake yote juu ya vinywa na kumbukumbu amempa mzee wake ulimi wa kitabu cha sheria, na kwa kufanya hivyo amepunguza hatari iliyomo barazani, kwa maana msomaji anadhani kanuni ipo tayari na kinachogombewa ni ushahidi peke yake.

Kosa hilo linamgusa binti zaidi ya wote. Katika riwaya anaambiwa yeye ni wa daraja la tatu, analia, anatoka. Kanuni hizo za mwaka 1963 ndizo zilizomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi, na ndizo zilizompeleka Holaria Pastory wa Kagera mahakamani baada ya kuuza shamba aliloachiwa na baba yake kwa wosia, hadi Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu akaamua kwa upande wake mwaka 1990. Kanuni zenyewe hazikufutwa kwa sababu hiyo. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilikuwa bado inaishauri Tanzania izirekebishe, baada ya wajane wawili kupeleka malalamiko yao huko. Mwandishi angetaka kuandika riwaya ya binti huyo, angeweza kumsogeza mbele miaka arobaini. Katika mwaka 1927 alipaswa kumwachia nafasi ya kubisha, kwa kuwa huyo binti ndiye aliyebaki na mama yake wakati wa Mtunya, na barazani hoja ya aliyebaki haikuwa nyepesi.

La pili ni ile karatasi. Wasomaji wengi wameisifu sura ya mwisho, ambamo wosia wa marehemu unapatikana ndani ya kopo la bati lililofukiwa kwenye ukuta wa tembe, na kila ng'ombe ametajwa. Sikatai kwamba ingewezekana. Wamisheni walikuwa Mvumi tangu mwanzo wa karne, na kijana wa shule angeweza kumwandikia mzee. Ninachokataa ni kwamba kitabu kizima kimetufundisha kuwa mali hii inaishi katika kumbukumbu za watu, halafu mwishoni kopo linakuja kutuambia kuwa hatukuhitaji watu. Yule kipofu aliyetembezwa siku mbili kutoka Bahi kuja kutoa ushahidi anaachwa amekaa chini ya mbuyu, hakuna anayemuuliza lolote tena. Mwandishi hata hakutuambia kama alipata mtu wa kumrudisha kwake. Ningeridhika zaidi kama mtemi angekata shauri kwa neno la kipofu peke yake, hata kama angekosea.

Nasikia kuna mpango wa kukichapa tena kitabu. Namwomba mchapishaji, kupitia kwako Mhariri, yale maneno ya madaraja yaondolewe kinywani mwa mzee. Wapo pia walioomba jedwali la ukoo mwanzoni mwa kitabu, na hilo naliunga mkono, mradi majina ya ng'ombe aliyoyafundisha mjane mkubwa yawekwe humo pamoja na ya watu. Kuhusu kopo, hilo ni la mwandishi mwenyewe.

Mwisho, sisi wasomaji wanne wa mtaa huu tuna nakala moja tu, tuliyoinunua kwa kuchangishana, na kwa sasa iko kwa mwalimu mmoja tangu mwezi uliopita. Akiisoma barua hii, ajue zamu yake imekwisha.

Wako katika kusoma,
Karani mstaafu,
Kikuyu, Dodoma.