Sele, kile kisu chako

Sele ndugu yangu,

Mambo vipi, baridi la huko likoje, shemeji na watoto hawajambo? Huku wote wazima, bi mkubwa anakusalimia, Muddy naye yupo na hela zako bado hana. Haya salamu zimeisha.

Najua umeshangaa nimekaa kimya tangu mwezi wa nne, ukipiga nasema niko kikaoni, kaka hakuna kikao chochote, ni aibu tu. Ile Opinel, kile kisu cha kukunja cha Kifaransa ulichoniletea, sinayo. Sijaibiwa, nimenyang'anywa kihalali kabisa eapoti, nilikuwa nawahi msiba Mwanza, nimetoka nyumbani saa kumi alfajiri na suruali ileile ya jana, na mimi kisu nilishaacha kukihisi mfukoni, ni kama funguo tu. Mashine ikalia. Dada wa pale akakifungua, akazungusha kile kipete cha kukazia ubapa mara mbili tatu, akasema "mh, kizuri", halafu akakidumbukiza kwenye boksi la mikasi na viwembe. Begi lishaingia, teksi ishaondoka, ningempa nani anishikie? Nimefika Mwanza nimenuna, watu wananipa pole ya marehemu naitikia kwa yote mawili.

Na sio bei, ulishasema huko kinauzwa mpaka supamaketi. Ni ile miaka mitatu. Unakumbuka kilikuja kinang'aa, mimi nikamenyea machungwa ya Muheza nikakiacha hivyohivyo, asubuhi nakuta madoa meusi, nikakupigia nakulaumu umenipa feki? Ulivyonicheka. Ukasema soma hapo kwenye ubapa, si wameandika CARBONE, hicho sio inox, ile chuma isiyoshika kutu, tindikali ya matunda inakigeuza rangi, we kifute ukipake mafuta kidogo hakitaliwa na kutu. Basi nikawa nakipaka mafuta ya nazi, mwisho ubapa ukawa kama wingu la masika, bluu-kijivu hivi, na makali yakipungua dakika mbili kwenye kinoo yamerudi. Ile rangi ilikuwa ya machungwa yangu na ndimu zangu mimi, hata ukininunulia vingine kumi…

Na mpini jamani! Unyevu wa Tanga huu mbao ikivimba kisu hakifunguki, masika nzima navunja kucha, mpaka uliponitumia ile video ya mbinu ya wazee wa Savoie, huko Ufaransa kisu kilikotoka, unagonga kitako cha mpini kwenye meza, ubapa unachungulia wenyewe. Nilikuwa nagonga hata kama hakijakwama, sifa tu.

Mama Zai yeye anasema mtu mzima kutembea na kisu ni dalili za ujambazi. Ila kamba ya gunia la mkaa ikigoma nani anaitwa? Muwa wa watoto je? Ofisini mtu kaleta keki ya besidei kasahau kisu, wote wananigeukia mimi, na haohao kwanza wanakuangalia kama mhuni halafu sekunde ya pili "braza hebu niazime". Marehemu babu alikuwa hatoki kwenda shamba bila kijisu chake na hakuna aliyemuita mhuni, sijui tuliharibikiwa wapi.

Sasa hivi natembea na kisu cha Okapi cha marehemu baba mkubwa, ile ya mwezi na nyota kwenye mpini. Unajua Wajerumani walianza kuitengeneza 1902 mahsusi wauze kwenye makoloni yao Afrika, na sisi huku si tulikuwa koloni lao, jina wakachukua la yule mnyama wa Kongo, halafu tangu 1988 inatengenezwa Afrika Kusini. Kwa kukata inakata, sina ugomvi nayo, tatizo ina meno pale kwenye bawaba, ukiifungua inalia krr-krr-krr. Juzi nimeitoa kwenye daladala nimenye embe, siti ya mbele yangu ikabaki tupu. Konda akaniambia mzee embe utalila nyumbani. Ile yako ilikuwa inafunguka kimya, mtu anashtukia chungwa lishamenywa.

Kwa hiyo Sele, najua sina uso, ila ukija Desemba naomba nyingine. Namba 8 ileile, ubapa wa sentimita 8 na nusu, 6 inapotea mkononi na 10 hapo Mama Zai ataniitia polisi kweli. Carbone, usinichanganyie. Na tafadhali iweke kwenye sanduku linaloingia chini, sio begi la mkononi, tusije tukawa wajinga wawili.

Tiketi umeshakata? Unashukia Dar au KIA? Yule mzee jirani yako bado anakuja kula kwenu na kisu chake mfukoni, akimaliza anakifuta na mkate? Na ni kweli siku hizi huko polisi wakikukuta nacho mjini wanakuuliza unakwenda nacho wapi, au Rama alikuwa ananitisha? We mwenyewe unatembea na namba ngapi? Muddy nimdai au ushamsamehe? Umekasirika? Niambie tu ukweli, nishajiandaa.

Wako,
Hemedi

NB: Ukipiga simu kisu usikitaje, Mama Zai anajua nimeacha.